Karatasi ya Mwisho

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu, mguu wake mmoja umetegeshewa tofali, limebanwa ukutani kati ya kibanda cha kinyozi na studio ya picha. Asiyejua kubishana hana la kufanya pale, atafute benchi la hospitali. Wenyeji wake ni walewale kila siku. Kinyozi humwacha mteja na povu kidevuni akatoka kuchangia hoja. Wakili hajasomea sheria hata siku moja. Alikuwa mfungua milango mahakamani mpaka akastaafu, na maneno ya mle ndani yakamganda. Daktari anauza sumu ya panya. Bibi Birika huwamiminia kahawa, na ndiye pekee pale anayejua kunyamaza. Wa tano ni mwenye studio, wanamwita Tabasamu, kwa kuwa hana mteja asiyemwambia neno hilo kabla ya kubonyeza kamera. Asubuhi hiyo ya mawingu mazito Tabasamu alitoka amebeba picha kubwa kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba vyombo vya kuazima, akaiegemeza dirishani kwake, akawageukia wenzake.

— Haya, semeni. Na msinionee haya. Mchana naipeleka kwenye mashindano.

Hakuna aliyesema. Ilikuwa picha ya uso mtupu wa mwanamke mtu mzima, umejaa karatasi nzima, mpana kuliko sinia. Rangi zilikuwa zimefifia mpaka zikabaki kahawia na kijivu, kama nguo iliyofuliwa mno. Kila mkunjo ulionekana, na vumbi kwenye nyusi, na midomo iliyopasuka. Leso ilikuwa imelegea upande mmoja. Jicho la kushoto lilikuwa na chozi ambalo lilikuwa halijaamua kudondoka. Kimya kile kilimfurahisha Tabasamu kuliko sifa. Watu hawa hawakunyamaza hata siku benchi lilipowaangusha wote kwa pamoja.

Kinyozi ndiye aliyeanza.

— Mbona umemnyima rangi? Wino uliisha?

— Nimeipunguza makusudi.

— Makusudi! Mimi nimnyoe mtu nusu kichwa halafu nimwambie makusudi, atanielewa?

— Rangi ingekuvuta kwenye leso, bwana. Mimi nimetaka ukutane na macho kwanza.

— Rangi akiondoka, panya hutawala, akasema Daktari.

— Hiyo methali ni ya paka.

— Paka, rangi, mwishowe panya hutawala. Ndiyo kazi yangu, nitakosaje kujua?

Kinyozi alisogea mpaka pua ikakaribia karatasi.

— Na hizi nyusi? Vumbi tupu. Ungemleta kwangu mara moja tu nimfute fute. Hata maiti huoshwa, ndugu yangu.

— Ningemfuta, ungenyamaza vile ulivyonyamaza?

Kinyozi akarudi kukaa. Wakili alikuwa ameshahamia mwisho wa benchi, mgongo ameipa picha.

— Mimi siitazami tena, akasema. Nimeshaiona, inatosha. Sura kama hiyo nimeifungulia mlango miaka yangu yote ya kazi. Mama huyo ni mlalamikaji. Kanyang'anywa kiwanja na shemeji yake, na kesi imeahirishwa.

— Umejuaje ni shemeji?

— Angekuwa mtu baki, mama angekuwa na hasira. Hayo ni maumivu ya ndani ya ukoo. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Mgeni ni nani hapo?

— Kiwanja.

— Kiwanja ni mgeni?

— Mbele ya sheria, ndiyo.

Daktari alitikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu wa taaluma.

— Kiwanja hakimkaushi mtu midomo hivyo. Hilo ini. Tazameni chini ya macho. Ini likichoka, mtu hutazama mbali, kama panya aliyekula dawa yangu. Hutafuta maji, asijue yako upande gani.

— We Daktari! Mama wa watu unamfananisha na panya?

— Nafananisha kiu.

— Mimi naona hata si mtu, Kinyozi akadakia. Siku hizi kuna mashine. Unaiambia tu, nitolee mama mwenye shida, inakutolea na chozi lake. Tabasamu katudanganya.

— Ni mtu! Tabasamu akafoka. Alikaa kwenye kiti changu cha plastiki, pale ndani, umeme umekatika. Mwanga wote huo ni wa dirisha hili.

— Anakaa wapi?

— Ng'ambo ya reli, sijui nyumba gani.

— Basi nabadilisha hati ya mashtaka, akasema Wakili, bado kageukia barabarani. Huyo si mlalamikaji, ni mshtakiwa. Kamuua shemeji. Mtu ambaye hajaua hawezi kutulia hivyo.

— Kwa sumu, Daktari akakubali.

— Sumu ya nani?

— Si yangu! Yangu inaua panya tu, tena si wote.

Wakacheka mpaka tofali likayumba. Lakini kicheko hicho hakikudumu. Kila aliyecheka, macho yake yalirudi dirishani, yakakuta yule mama bado anawatazama, na kicheko kikaisha kimoja kimoja. Kinyozi ndiye aliyekaa akiitazama muda mrefu zaidi. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa nyingine.

— Mama yangu alinitazama hivyo. Siku zake za mwisho, nilikuwa namnyoa kitandani. Akafungua mdomo aseme kitu. Nikamwambia, mama tulia, nisije nikakukata. Akatulia.

— Akasema nini baadaye? Daktari akauliza polepole.

— Ndiyo hivyo. Alitulia.

Tabasamu alimhurumia rafiki yake, kwa kweli alimhurumia, lakini pembeni ya huruma hiyo moyo ulikuwa unamrukaruka. Kama imemgusa Kinyozi hivi, alijiambia, majaji watafanyaje? Miaka nenda miaka rudi alikuwa amepiga vitambulisho na maharusi waliosimama mbele ya pazia lenye maua. Leo alikuwa na kazi yake mwenyewe, na zawadi ya mshindi ni kamera mpya, kamera ambayo yeye huiona kwenye simu tu.

Bibi Birika alikuwa akisuuza vikombe. Hakuinua kichwa alipouliza.

— Alikuja kwako kufanya nini?

— Nani, bibi?

— Mama huyo. Studio mtu haendi kupunga upepo.

— Alikuja kwa shughuli za picha tu.

— Picha yake?

Tabasamu alichukua kikombe chake kilichokwisha kahawa, akakinywa hivyohivyo. Swali hilo ndilo alilokuwa akilikimbia tangu alipoitoa picha nje. Mama yule hakuja kwa ajili ya uso wake. Alikuja na kipicha kidogo, kipana kama kiganja cha mtoto, cha vijana wajenzi waliojipanga mbele ya ukuta ambao haujapigwa lipu. Wa mwisho kulia alikuwa mwanawe. Kijana alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, akazikwa, na picha nyingine yake haikuwapo duniani. Mama alitaka akuzwe yeye peke yake, awe mkubwa, mkubwa kabisa. Macho yangu yanakwisha, fundi, alisema. Kwenye hii simwoni tena, naona kivuli kimesimama na wenzake. Sura yake inanitoka.

Alipokuwa anasema hayo, mwanga wa dirisha ulikuwa umemwangukia usoni, na Tabasamu akainua kamera. Alimwambia anaijaribu tu. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake hakumwambia mtu atabasamu. Ndani ya boksi palikuwa pamebaki karatasi kubwa moja. Alijiambia ataagiza nyingine kesho yake, akauchapa uso wa mama kwenye ile iliyobaki. Karatasi alizoagiza hazikuja. Mama alivuka reli akarudi, akavuka tena akarudi, na kila safari Tabasamu alimjibu, karatasi kubwa hazijafika, mama. Na ilikuwa kweli. Ubaya wake ni kwamba ilikuwa kweli, akaweza kuisema bila kupepesa macho. Kipicha cha wajenzi kilikuwa salama ndani ya droo, na droo hiyo Tabasamu alikuwa ameacha kuifungua.

— Bibi kakuuliza, Wakili akasema, na sasa alikuwa amegeuka. Shahidi akinyamaza, mahakama inaandika.

— Alikuja kukuza picha ya mtoto wake. Marehemu. Macho ya mama yanaharibika, alitaka amwone vizuri.

— Ala! Kumbe kafiwa! Kinyozi akashika kichwa. Na sisi hapa tunamwulia shemeji!

— Mimi nilisema kiu, Daktari akanong'ona.

— Na mwenyewe anajua kama uso wake uko nje? Bibi Birika akauliza.

— Picha ikishapigwa, bibi, ni ya mpigaji. Si kweli, Wakili?

Wakili alijikuna kidevu.

— Sheria iko wazi. Uso wa mtu ukishavuka mlango wa nyumba yake ni kama barabara, kila mwenye miguu apite.

— Sheria ipi hiyo?

— Ipo. Niliisikia kupitia mlangoni.

— Halafu Tabasamu akishinda, mama si atafurahi? akasema Daktari. Mwenye nguvu mpishe, wahenga hao. Picha hiyo itatundikwa ukumbini, watu wakubwa watamwona. Wangapi hapa mtaani wamewahi kuonekana? Mimi mwenyewe nani kaniona?

— Panya, akasema Kinyozi, lakini bila kucheka.

— Yeye hakuja aonekane, akasema Bibi Birika. Alikuja aone.

Tabasamu alitaka kumjibu kwamba hata huyo mtoto atachapwa, karatasi zikija, na kwamba kamera mpya ingemsaidia kila mtu wa mtaa ule. Manyunyu yakaanza. Ikawa sababu nzuri. Alisimama haraka aiondoe picha isiloe, akaishika kwa pembe zake mbili, na hapo akaona Kinyozi anainuka polepole kwenye benchi, kisha Daktari, kisha Wakili, kama watu wa mahakamani hakimu anapoingia.

Alikuwa anakuja kandokando ya ukuta, anapapasa ukingo wa barabara kwa mguu kabla ya kukanyaga. Leso yake ilikuwa imelegea upande ule ule. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nani. Asubuhi nzima walikuwa wameshinda ndani ya uso huo.

— Shikamoo mama, wakasema wote, hata Wakili aliyemzidi umri.

— Marahaba, wanangu. Fundi yupo?

— Nipo, mama.

Tabasamu alijaribu kusimama mbele ya picha, lakini picha ilikuwa pana kuliko yeye. Mama alifuata sauti yake mpaka dirishani. Alinyoosha mkono kutafuta ukuta, mkono ukakutana na karatasi. Akasimama. Akaupitisha ukingoni, pembe hadi pembe, taratibu, kama fundi cherehani anayepima kitambaa cha mtu.

— Hii si ndiyo karatasi kubwa, fundi?

— Ndiyo, mama.

— Kumbe zimefika!

Uso wake ukafunguka wote. Kinyozi aliitazama picha, akamtazama yeye, na kama hangekuwa amekaa nayo asubuhi nzima angeapa ni watu wawili. Alikuwa na mwanya, alikuwa na vishimo mashavuni. Picha haikuwa na hata kimoja cha hivyo.

— Nilijua tu, mama akasema. Wenzangu wananiambia, huyo anakuzungusha, chukua kapicha kako uende kwingine. Nikawaambia, yule fundi si mwongo, ni karatasi tu ndizo zinamchelewesha. Mungu akubariki, baba.

Tabasamu aliona aibu. Mama alikuwa ameshaisogelea karatasi, macho ameyabana, kiganja chake kikapita katikati, juu ya paji, juu ya shavu, kikatulia kwenye mdomo uliopasuka.

— Kweli ni mkubwa, akasema. Naona sura, naona kuna macho. Ila kuna ukungu kidogo, labda ni haya manyunyu.

Bibi Birika aliweka birika chini. Wakili alitazama viatu vyake.

— Ndiye yeye huyu, fundi? Mama akauliza. Ndiye mwanangu?