Mzee Jecha Anaondoka, Redio Inabaki Hewani

Leo, Jumanne tarehe 30 Juni 1998, Mzee Jecha Makame Haji, fundi mkuu wa redio katika yadi yetu ya malori hapa Clairwood, Durban, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Nimepewa heshima ya kuandika wasifu wake kwa sababu chumba cha redio kina viti viwili, na kimoja nakikalia mimi. Yeye alitaka niandike mistari mitatu tu. Atanisamehe.

Mzee Jecha alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1938. Alifika Durban akiwa fundi wa redio melini, akashushwa na malaria kali, na alipopona meli ilikuwa imekwenda zake. Mwenyewe hudai kwamba iliyopotea ni meli. Machi 1967 aliajiriwa hapa kufagia karakana. Wiki ya pili alitengeneza redio iliyokuwa imewashinda mafundi watatu, na fagio likakabidhiwa mtu mwingine. Alimwoa Bi Amne wa Chatsworth, wakajaliwa watoto wanne.

Kwa wasiolijua tatizo letu, mnara wa antena unasimama mita ishirini na nne juu ya paa, na hakuna kitu kirefu kuuzidi mtaa mzima. Kila kiangazi, ambacho huku ndicho msimu wa mvua, radi huuona kwanza. Ndiyo maana tangu zamani palikuwa na desturi: ngurumo ya kwanza ikisikika, fundi anachomoa kebo ya antena na kuitupa nje kupitia dirisha dogo. Redio inabaki salama, lakini madereva hawasikii wala hawasikiki mpaka mvua ipite. Mzee Jecha alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Inasemekana alimaliza kwa sekunde nne, na sahani ya wali haikumtoka mkononi.

Februari 1989 aliichomoa kebo kama kawaida. Muda mfupi baadaye polisi walipiga simu kwamba magari yamegongana chini ya Field's Hill, mteremko mkali ambao malori hushukia kuja Durban, na barabara imezibwa. Juu ya mteremko huo, ndani ya mvua, alikuwa anakuja dereva wetu Bheki Ngcobo, rafiki yake wa siku nyingi. Hapakuwa na njia ya kumwambia asimame. Redio ilipona bila mkwaruzo. Bheki alikatwa mguu.

Hakuna aliyemlaumu Mzee Jecha, kwani alifanya alivyofundishwa, na nadhani hilo ndilo lililomnyima usingizi. Alikwenda hospitali kila siku kwa miezi miwili. Mwishowe Bheki alichoka, akamwambia kwa Kizulu aache kulia, akatengeneze redio inayoongea wakati mvua inanyesha.

Akaanza. Jaribio la kwanza lilikuwa kosa kubwa, na huwa analisimulia mwenyewe kwa kila fundi mpya. Aliona si busara redio itumie waya wa ardhini mmoja na mnara unaopigwa na radi, basi akaichimbia redio fimbo yake ya shaba, mbali, peke yake. Radi ilipopiga mnara mwaka 1991, umeme ulipanda upande mmoja, ukatafuta njia ya kwenda upande wa pili, na njia ikawa ndani ya redio. Mabaki yake meusi yako rafuni mpaka leo. Hataki yatupwe.

Ilimchukua miaka mitano kupata dawa. Alizungusha waya wa shaba chini ya ardhi kuzunguka jengo zima, akauunga na fimbo za shaba alizozichimbia, akafunga humo mnara, umeme wa ukutani, simu na redio. Kila waya unaoingia ndani unapitia kwenye bamba moja la shaba lenye vizuia radi. Nilipomuuliza kwa nini, alisema ni kama watu walio kwenye lifti moja: ikipanda wote wanapanda, hakuna anayeanguka. Na kwa kuwa majira ya baridi hukausha udongo, kila Jumatatu alimwagia fimbo zake ndoo ya maji, kisha akapima kwa mita jinsi ardhi inavyopokea umeme na kuandika. Tulimtania kwamba anamwagilia mnara urefuke. Aliendelea kumwaga.

Meneja hakuamini. Basi Mzee Jecha akaomba jambo ambalo bado linanisisimua: kiangazi kizima cha 1996 hadi 1997, radi ikianza, kebo isichomolewe, na maikrofoni asiishike mtu mwingine ila yeye. Kama alikuwa amekosea, aungue yeye.

Mimi nilikuwa na miezi mitano tu kazini. Alasiri moja ya Januari mbingu ilifunguka, na dereva wetu mmoja akaripoti malori mawili yamepinduka na kuziba barabara chini ya Field's Hill. Mlangoni nilikuwa nimesimama mimi, kwa amri ya Mzee Jecha, nisisogee. Juu ya mteremko, akikaribia kushuka, alikuwa dereva wetu Blaise, ndugu yetu wa Lubumbashi.

"Base, niko hapa juu, mvua iko mingi, sioni kitu," alisema, akituita sisi wa yadini.

"Blaise, usishu—"

Radi ikapiga mnara. Sijawahi kuona mwanga wa namna ile ndani ya nyumba. Taa zilizimika, masikio yakaziba, na mimi nikapiga yowe bila aibu. Nilipofumbua macho, Mzee Jecha alikuwa palepale, maikrofoni mdomoni, na redio, kwa nguvu ya betri, inawaka.

"Usishuke, Blaise. Simama. Njia imefungwa."

Akaachia kitufe cha maikrofoni, akasubiri. Kisha Blaise akajibu, akimwita baba kama wanavyosema kwao: "Nimesimama, papa."

Bheki, ambaye sasa ni mlinzi wetu wa getini, alikuja kwa magongo yake katikati ya mvua na kusimama kando yangu. Mzee Jecha aliweka maikrofoni chini, akamsogezea kiti. Wiki iliyofuata lile dirisha dogo lilizibwa kwa matofali, na Bheki ndiye aliyechanganya saruji.

Bi Amne ametupa siri moja. Nyumbani, radi ikinguruma, huyu shujaa wetu anachomoa televisheni, birika na hata pasi ambayo haijachomekwa, kisha anakaa macho akiwaza Clairwood.

Mzee wetu, asante. Mita yako iko kwangu, ndoo iko kwa Bheki, na jana Jumatatu tulimwaga maji. Pumzika na Bi Amne, ule wali wako ukiwa moto, Mungu akujalie afya na siku nyingi. Na radi ikipiga, usiondoke kitandani. Redio iko hewani, papa. Tunasikiliza.

Colette, chumba cha redio