Sungura wa Kisigino Agoma Kunyonyesha

Kibaraza cha fundi viatu, ambaye mtaa mzima ulimwita Kisigino, kilikuwa na benchi moja, birika moja la kahawa, na washauri wengi kuliko viatu vya kushona. Asubuhi hiyo washauri walikuwa wawili: Waziri, ambaye hajawahi kuongoza hata foleni, na Dokta, muuza sumu ya panya. Mbele yao lilikuwa tundu la sungura. Mama sungura alikuwa amezaa usiku. Kisigino, aliyepoteza uzao wa kwanza wote kwa njaa, aliona safari hii alitoe tundu uani, alilete kijiweni, macho mengi yamsaidie kulinda. Tangu kupambazuka walikuwa wakimkodolea macho mama huyo, naye hajanyonyesha hata mara moja.

— Amegoma, alisema Waziri. Anataka tumsikilize madai yake.

— Madai gani? aliuliza Kisigino. Karoti amekula, maji amekunywa.

— Heshima, bwana! Umemwita jina?

— Sijamwita.

— Basi! Hata mimi nisingenyonyesha.

— Wewe hata ukiitwa huji, alidakia Dokta. Hii ni damu nzito. Atiwe kahawa kidogo, maziwa yatafunguka.

— Wewe kazi yako kuua, Dokta. Kaa mbali na wanangu!

Kisigino alisogeza pua mpaka ikagusa waya. Kwenye boksi la kuzalia, ndani ya manyoya ambayo mama alijinyofoa kifuani, vitoto vilijikunyata, vyekundu, vipofu, matumbo yamesinyaa. Mzee mzima, alijiambia, unajua kufufua soli iliyokufa, hivi vinakushinda.

— Tumwimbie, alisema Waziri.

— Tumletee kioo, alisema Dokta. Akijiona ana watoto, ataona haya.

— Tusogee karibu zaidi, alisema Kisigino. Huenda hajui tupo naye.

Wakasogea. Mama sungura akajibana pembeni.

Hapo akatokea mkamwana wa Kisigino, kichanga mgongoni, kandambili iliyokatika mkononi.

— Shikamoo, baba. Kuna nini?

— Marahaba, mwanangu. Hataki kunyonyesha, na sisi hatujabanduka hapa tangu alfajiri!

Binti akatazama tundu, akawatazama wao, akainamisha macho. Akasema:

— Samahani, baba. Atanyonyeshaje na wanaume watatu wamemtumbulia macho?

Waziri akakohoa. Dokta akachungulia ndani ya kikombe kitupu. Kisigino akaibandua pua kwenye waya. Alama za waya zilikuwa zimebaki puani.

Alivua aproni, akafunika tundu, akageuza benchi. Wakakaa wakitazama ukuta kama watoto waliotolewa darasani.

Muda ukapita. Nyuma yao kitu kikachakura. Vikasikika vilio vyembamba, kisha vikakatika ghafla, kama vinywa vimezibwa.

— Wananyonya? alinong'ona Waziri.

— Ukigeuka nakushona shingo.

Birika lilikuwa limebaki kando ya tundu. Hakuna aliyethubutu kulifuata. Kahawa ikapoa hivyo hivyo.