Kabati la Walio Hai

Kaeni, wanangu, mnisikilize mkiwa mmekaa, kwa sababu mtu akinisikiliza amesimama mlangoni mimi huona kama ana haraka ya kwenda, na leo mwenye haraka hapa ni mimi peke yangu. Mueni, keti kitandani, hapo karibu na miguu yangu. Wathome, vuta kile kiti cha cherehani, hakitavunjika, kimenibeba mimi tangu hujazaliwa. Na wewe Kavindu, mke wa mwanangu huyu, usijifiche jikoni ukisingizia sufuria ya mahindi ya muthokoi, maneno haya ni yako pia, ingia. Macho yangu yamekwisha, mnajua, naona mwanga wa dirisha na vivuli vyenu tu, lakini masikio Mungu ameniachia, na pumzi ameniachia kidogo, basi nitaitumia hiyo kidogo, na msinikatize.

Nimechoka. Nalisema mapema ili msije mkanung'unika baadaye kwamba mngenipeleka Nairobi, mngeuza ng'ombe, mngefanya hivi na vile. Daktari alisema yake nami nikamshukuru. Uchovu huu si wa kulala ukaamka umepona, umeingia hadi kwenye vidole, na nyinyi mnajua vidole vyangu havikuwa vya kuchoka.

Habari ya shamba haina maneno mengi. Baba yenu Bartholomew aligawa kwa mdomo wake mbele ya wazee wa ukoo akiwa mzima, akala na akanywa nao: Wathome upande wa mto, ndugu yenu Munyao upande wa mawe, Mueni upande wa barabara. Wazee wengine walinuna waliposikia binti naye anapewa, na mmoja akaondoka bila kumaliza nyama, lakini baba yenu hakurudisha neno lake nyuma, na mimi pia sirudishi. Cherehani ni ya Kavindu. Mueni, usikunje uso, nasikia hata usiponiambia. Wewe una kazi yako huko Syokimau na nguo zako unanunua zimeshonwa tayari. Huyu ndiye aliyenitilia uzi kwenye sindano macho yaliponikatalia, na hakuwahi kuguna.

Sasa tuje kwenye vitambaa, maana najua ndivyo vinavyowasumbua, kwa kuwa vimejaza chumba kizima na nyinyi mnaona chumba, hamuoni kilichomo.

Mimi nimekuwa fundi wa nguo wa huku kwetu Kalama tangu nikiwa msichana, na kila nguo niliyokata, iwe gauni la harusi au kaptula ya shule, nilibaki na kipande. Sikuiba. Nilikuwa nikimwambia mwenyewe, hiki nakiweka, naye anasema weka. Mama Mutinda jirani yetu aliwahi kuzunguka sokoni akisema mimi najitajirisha kwa vitambaa vya watu, na maneno hayo yalinikaa kooni miaka mingi. Halafu bwana yake akafa, na siku ile alipokuja hapa akakaa hapo alipokaa Wathome sasa, sikumuuliza kitu, nilifungua tu nikamtolea kipande cha koti la harusi ya bwana yake na kipande cha shati lake la kazi, nikamshonea blanketi la viraka, akawa analala nalo. Amekuja juzi kuniletea ndizi, tukacheka. Basi nikizikwa, asitokee mtu wa kumkumbusha yale ya sokoni. Tulishamaliza.

Hivyo ndivyo nilivyofanya na kila nyumba. Vipande vya mtu aliye hai vinakaa kabatini, kila mtu na fungu lake, limefungwa kwa ukanda wa nguo yake mwenyewe. Mtu akitutoka, naenda nafungua kabati, natoa fungu lake, nakata humo kiraka cha blanketi la nyumba yake, na kilichobaki nakihamishia kwenye sanduku la bati. Kabati ni la walio hai, sanduku ni la waliotangulia. Baba yenu ndiye aliyelitengeneza hilo kabati, na bawaba zake zililia tangu siku ya kwanza, akataka kuzipaka mafuta nikamkataza. Nilitaka kusikia likifunguliwa. Sanduku nalo kifuniko chake kinagonga, mnakijua. Mkiwa wadogo mlikuwa mkisikia kile kishindo mnaulizana ni nani amekufa.

Ngojeni nipumue. Kavindu, nipe uji, kidogo tu.

Mueni mwanangu, nilipokuwa nimelazwa ulifanya kazi ya mapenzi, wala sikulaumu. Ulikuja na makasha yako ya plastiki yanayoonyesha ndani, ukatoa kila kitu kabatini, ukatoa kila kitu sandukuni, ukafungua mafungu, ukapanga nyekundu na nyekundu, buluu na buluu, ukaniambia, mwaitu, mama yangu, sasa ukitaka rangi unaiona mara moja. Kavindu akaniambia chumba kinafanana na duka la mjini. Nami nikatia mkono ndani ya kasha la nyekundu, nikapapasa, nikaanza kulia, mkafikiri ni maumivu ya tumbo. Haikuwa tumbo. Wekundu wa nyanya yenu niliyemzika ulikuwa umelala na wekundu wa mtoto wa jirani yetu Musili aliyezaliwa mvua hii iliyopita. Nilikuwa sijui tena nani yuko hai.

Na haya nawaambia ili mwingine asirudie, kwa sababu plastiki yenyewe pia haifai. Kitambaa cha pamba kinataka kupumua, mkikifungia kwenye plastiki kinatoa jasho, kinaota ukungu, na mkunjo unageuka manjano. Leso na kitenge kifueni kabla ya kuweka, mtoe ule wanga wa dukani, maana wanga ndio chakula cha wadudu, na leso mpya ikitoa rangi itachafua majirani zake. Tetroni na nailoni zikae zake, zisichanganywe na pamba kwenye blanketi moja, kwa sababu moja ikinywea na nyingine ikikataa blanketi litajikunjakunja. Tieni majani makavu ya mwarobaini, msitie zile dawa za wadudu za mipira midogo myeupe zinazonukia kama choo. Sanduku likae juu ya matofali, mchwa wa huku hawaogopi bati wakikuta kutu. Na wakati wa jua kali baada ya mavuno, toeni kila fungu, likung'uteni, likunjeni upya mahali pengine pasipokuwa na mkunjo wa zamani, nyuzi zisikatike. Kivulini, si juani, jua linakula rangi. Kavindu anayajua haya yote. Mueni, jifunze kwake.

Basi tukaanza kupanga upya. Mueni ananishikisha kimoja kimoja, nami napapasa na kusema huyu ni fulani, sandukuni, huyu ni fulani, kabatini. Naimo wa duka la vitambaa kule mjini, kabatini, yuko mzima na bado ananiwekea ncha za majora yake, na mkimuona mwambieni asiniwekee tena, lakini mwambieni polepole, atalia. Tulikuwa tunaenda vizuri. Ndipo Mueni akakusanya khaki ya shule, na lile shati la miraba la kipaimara, na kitambaa cha kijivu, akauliza, mwaitu, hivi vya Munyao niviweke wapi?

Na wewe Wathome ulikuwa mlangoni ukasema, sandukuni.

Nilisikia. Hukusema kwa ubaya, ulisema kama mtu anayeelekeza mahali pa kuweka jembe. Nikamwambia Mueni nipe, akanipa, na tangu siku ile fungu hilo liko hapa chini ya mto wangu, na nyinyi nyote mmekuwa mkitembea humu ndani kama wageni, hakuna aliyerudi kuuliza. Leo nalijibu lile swali. Ndilo lililonifanya niwaite.

Wathome, usiinamishe kichwa, sikugombezi. Wewe ndiye uliyebaki. Ndugu yako alipopanda ndege kwenda kuendesha magari ya Waarabu, wewe ndiye uliyemzika baba yenu, wewe ndiye uliyechimba lile bwawa, wewe ndiye uliyenibeba mgongoni hadi barabarani mto ulipofurika. Na Munyao alipiga simu, kisha akapiga kwa nadra, kisha simu ikawa haipatikani. Uliandika, ukaenda ofisi zote, ukarudi na vumbi. Najua kwamba kungoja kumekuchosha kuliko kulima. Najua pia kwamba watu wa ukoo wanakunong'oneza kwamba upande wa mawe umekaa bure, na kwamba ukitaka kuweka shamba kwa jina lako wanakuuliza huyu Munyao yuko hai au amekufa, na huna cha kujibu. Mtu akikosa cha kujibu muda mrefu hutafuta jibu lolote apumzike. Mimi mwenyewe nimetamani kupumzika. Kuna siku nimeshika kifuniko cha sanduku.

Lakini nani aliyeona? Hilo tu ndilo ninalouliza. Nani alimfumba macho, nani alimwosha, nani ametuambia kwamba alikuwepo? Baba yenu nilimfumba kwa mkono huu. Kwa Munyao sina mkono wa mtu yeyote. Naye suruali yake ya safari, ile ya kijivu, niliishona mimi, nikamwachia mshono mpana kwa ndani, kiasi cha vidole vitatu, nikamwambia huko utakula vizuri utanenepa, fundi yeyote atakupanulia. Mtu niliyemwachia nafasi ya kunenepa siwezi kumtia sandukuni kwa sababu tu simu yake haipatikani.

Basi sikieni. Wathome, upande wa mawe lima, panda mbaazi, panda mahindi, kula wewe na watoto wako bila kuona haya, na mtu wa ukoo akisema neno mwambie ni mama aliyesema. Lakini usiuze, usijenge nyumba ya mawe, wala usiandike jina lako juu yake. Akija, mpe akiwa amesimama, usimngoje aombe. Akija mtoto wake, mpe vilevile. Na ikija habari ya kweli, ya mtu aliyeona kwa macho, lieni, mkate kiraka chake, mfungue sanduku nyinyi wawili pamoja, mkono wa Mueni na mkono wa Wathome kwenye kifuniko kimoja. Bila hivyo, hapana. Hata mkizeeka. Waachieni watoto wenu kazi ya kungoja kama ninavyowaachia.

Ni mzigo, najua. Ningekuwa na kitu chepesi ningewapa hicho.

Nimeishiwa... Inueni kichwa changu. Hivyo, inatosha.

Mueni, leta mkasi, ule mkubwa, si wa karatasi. Shika mkono wa gauni hili, hapa chini ya kiwiko, ukate. Kata, usiogope, sitalivaa tena Jumapili. Msinivalishe satini ya dukani, inateleza, nivalisheni hilihili na tundu lake. Hicho kipande ndicho changu. Msikitie sandukuni leo, leo bado niko. Kifungeni kikae kabatini usiku huu, mtajua siku ya kukihamisha. Siku hiyo kikae sandukuni kando ya baba yenu, yeye koti lake ni la buluu, liko chini kabisa.

Njooni karibu. Leteni viganja. Nawatemea mate ya baraka kama mama yangu alivyonitemea, hayana nguvu lakini ni yangu. Kavindu, Mungu akupe watoto wasiokuficha kitu. Mueni, urudi nyumbani hata pasipokuwa na mgonjwa. Wathome... Wathome mwanangu, wewe nilikukawiza mwisho makusudi.

Tia mkono chini ya mto. Umelipata? Ndilo hilo. Ukanda wake ni wa lile shati la miraba, nimelifunga mwenyewe. Ningeweza kumpa Mueni, yeye hangenibishia, lakini nakupa wewe uliyesema sandukuni, kwa sababu nikiondoka wewe ndiye utakayekuwa na ufunguo wa chumba hiki, na mimi siwezi kukuchunga kutoka kaburini, wala sitaki. Nenda ukaliweke. Sioni, unajua sioni. Sanduku liko kushoto kwako, kabati liko mbele. Nenda.

Nyamazeni nyote, nisikie.

...

Polepole tu, Wathome. Sina haraka tena.

...

Ehee. Ni bawaba hizo. Liweke kando ya lako, mwanangu, mlikuwa mkilala kitanda kimoja. Sanduku tieni kufuli. Kabati liacheni hivyohivyo, wazi.