Melania Kokugonza (1968–1999) na Wimbo wa Mama Yake

Marehemu Melania Kokugonza alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1968, Kamachumu, Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao leo ni Kagera. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Alphonce na marehemu Mama Sesilia. Baada yake walifuata wawili waliofariki wakiwa wachanga, ndipo akazaliwa Wilbard. Melania alimbeba mgongoni mdogo wake huyo mpaka majirani wakawa wanamtania kwa kumwita mama mtu.

Alisoma Shule ya Msingi Kamachumu kuanzia 1976 hadi 1982, sekondari Bukoba mjini, na kidato cha tano na sita Tabora. Septemba 1990 alipata ufadhili wa kuja China. Alijifunza lugha Beijing mwaka mmoja, kisha akahamia hapa Guangzhou kusomea utengenezaji wa nguo. Bwenini alilala chumba kimoja na Flavia, mwanafunzi mwenzake kutoka nyumbani, kwa miaka minne. Walipika ugali kwenye jiko la umeme lililokatazwa, na msimamizi akigonga mlango wanalisukuma uvunguni likiwa bado la moto.

Mama Sesilia alifariki tarehe 9 Juni 1995, katikati ya mitihani ya mwisho ya Melania. Hakuweza kwenda kuzika. Alitunga wimbo, akajirekodi kwenye kaseti ndani ya bafu la bweni, kwa kuwa huko sauti yake ilijaa. Wanafunzi wa kila taifa walisimama foleni na mabeseni yao hadi alipomaliza, na hakuna aliyegonga mlango. Kaseti ile aliifungia kabatini. Aliapa kwamba wimbo huo utaimbwa mara ya kwanza juu ya kaburi la mama, siku atakayofika nyumbani, na kabla ya hapo usisikike tena kwa mtu yeyote isipokuwa Flavia wa chumbani.

Tarehe 30 Desemba 1995 alifunga ndoa na Bwana Godson katika kanisa la mawe la barabara ya Yide. Matroni alikuwa Flavia. Mungu aliwajalia binti mmoja, Natalia. Kikazi, marehemu aliwakagulia vitambaa wafanyabiashara wa nyumbani kwenye soko la Zhongda. Alifumba macho, akasugua kitambaa kwa vidole viwili, akamwambia mwenye duka, "Laoban, hii siyo pamba. Nipe niliyokuomba." Wenye maduka wengine walikuwa wakimwona tu wanaingia stoo kuleta pamba ya kweli.

Kamati ya msiba iliomba aya zinazofuata zifupishwe. Hazikufupishwa.

Jumamosi, tarehe 14 Novemba 1998, Melania alikuwa akipita mtaa wa Dengfeng na mwanakwaya mwenzake, Chepkoech wa Eldoret. Duka la muziki lilikuwa limefungulia redio mlangoni. Melania alisimama. Wimbo wa mama yake ulikuwa unaimbwa Kijapani.

Ulikuwa wimbo mpya wa Chinatsu Morikubo, mwimbaji aliyependwa sana na wasichana wa mji huu mwaka ule. Ulitoka kwenye CD ndogo ya kuenea kiganjani, yenye nyimbo tatu. Wa kwanza ndio huo wa polepole. Wa pili ulikuwa wa kuchezea tu, wa mambo ya kiangazi. Wa tatu ulikuwa ule wa kwanza tena, vyombo vitupu bila sauti, kwa anayetaka kujiimbia mwenyewe. Msichana wa dukani alisoma maandishi ya nyuma, akataja kwa shida jina la aliyetunga. Jina lilikuwa la Flavia.

Melania hakumlaumu mwimbaji. Alisema ameimba vizuri kuliko Flavia angeweza hata siku moja. Kilichomkata maini ni kwamba Flavia aliimba mwisho wa wiki hotelini na mpiga kinanda Mjapani, alimsikilizisha kaseti ile, Mjapani akaupeleka wimbo kwao, na kampuni ya muziki ilipouliza nani katunga, Flavia alijitaja. Kisha kila Jumapili alikaa kwenye benchi moja na Melania, akala nyumbani kwake, akamsuka nywele Natalia, na hakufungua kinywa.

Tusidanganyane, wimbo haukumwua. Figo zilianza kumsumbua Agosti 1998, na madaktari walifanya waliloweza. Lakini kuanzia Novemba aliomba kitu kimoja tu: Flavia aseme mbele ya watu kwamba wimbo ni wa Melania, ili usije ukaimbwa kaburini kwa mama kama kitu cha kuazima. Wodini alikuwa akiwekewa ule wa tatu, wenye vyombo peke yake, na kuuimbia maneno yake kwa sauti ndogo mpaka pumzi imwishie.

Jumapili, tarehe 7 Februari, kwaya ilikwenda kumwona. Flavia alikuja na machungwa.

"Flavia, mdogo wangu," Melania alisema, "waambie wenzetu wimbo huu ni wa nani."

"Dada, nyimbo za msiba zina mwenyewe kweli? Si tunaimba wote?"

"Aki Flavia, wacha kutuzungusha," Chepkoech alisema. "Sema tu iishe."

"Karatasi ya mkataba ilitaka jina moja, nikaweka langu. Dada ulikuwa unaumwa, ningekusumbuaje?"

"Ulisaini Aprili," Melania alimjibu. "Mimi nimeugua Agosti. Na kaseti ulipewa na nani? Kabati lilikuwa na kufuli."

Mdogo wake Wilbard, aliyekuwa ameshika glasi ya maji, alipaza sauti kuliko wote: "Jibu! Dada anakuuliza!" Flavia alimtazama, kisha akachukua mkoba wake na kutoka.

Melania alifariki dunia Jumanne, tarehe 23 Februari 1999, saa tatu asubuhi, mumewe akiwa pembeni. Mwili wake utasafirishwa kesho kutwa, na atazikwa Kamachumu kando ya mama yake. Wimbo utaimbwa hapo, na itatajwa kwamba ni wake.

Ameacha mume, Godson. Binti, Natalia, mwenye umri wa miaka miwili. Baba, Mzee Alphonce. Na mdogo mmoja, Wilbard, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu.

Wilbard ndiye aliyefungua kabati. Alikuwa amekuja Guangzhou kusoma, anakaa kwa dada yake, anajua ufunguo unapokaa. Machi 1998 alimpa Flavia kaseti, kwa sababu Flavia alimchekea, naye alitaka aonekane mtu wa maana. Flavia hakumtaja hata alipozomewa wodini. Melania alimwuliza mdogo wake mara mbili kama anajua nani aliitoa. Mara ya pili ilikuwa Jumatatu, siku moja kabla ya kufariki. Wilbard alijibu, "Sijui, dada."

Melania akamshika mkono. "Basi wasifu wangu usome wewe," alisema. "Wewe hujawahi kunidanganya."

Mwenyezi Mungu ampokee Melania, na ampe pumziko ambalo sisi wa nyumbani kwake tulimnyima.