Siku Ambayo Cody Harushi
Benchi la nje ya ofisi ya ghala la mahindi, pale Pelnik, Nebraska, halikai tupu asubuhi hata dunia ipinduke. Wenyewe ni watatu. Diseli, fundi matrekta mstaafu, ndiye mwenye chupa ya kahawa. Askofu hajawahi kuwa hata shemasi, ila akianza kusema hanyamazi. Wa tatu ni Duane Vrana, wanayemwita Glavu, maana kwa miaka alichuchumaa nyuma ya zizi akidaka mipira ya besiboli ya mwanawe, Cody. Kijana akarusha vizuri chuoni, timu ya kulipwa ikamchagua, akasota na mabasi ya ligi za chini, na mwezi Mei akapandishwa ligi kuu. Mji mzima ulipiga honi. Sasa ni Julai, na jana wapigaji walimtandika tena. Inasemekana atarudishwa chini wiki hii hii. Glavu hakulala.

— Ni ndevu, Diseli akaanza. Chuoni alikuwa nazo. Kanyoa, mpira umekufa.

— Wee! Ndevu zinarusha mpira?

— Zinakinga shingo na upepo, bwana!

Askofu akameza kipande cha kolache, andazi la plamu, kwanza.

— Ndevu wapi! Ni godoro. Kule wanalala hoteli za kifahari. Bega lile limezoea kitanda cha chuma. Likipewa raha, linasinzia.

— Basi tumpelekee kitanda.

— Kwa pikapu yako. Cheka tu.

Jana kwenye televisheni Glavu aliona kitu ambacho hakumwambia mtu: macho ya mwanawe yalikuwa yanatafuta-tafuta jukwaani, kama mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni. Kilimkaa moyoni vibaya sana.

— Mimi nawaambia ni mahindi, Diseli akapamba moto. Kalelewa kazungukwa na mahindi, jicho limetulia. Mjini anaona nini? Taa!

— Kwa hiyo wapande mahindi uwanjani?

— Safu mbili tu, nyuma ya mdakaji!

Wakacheka mpaka Askofu akapaliwa. Lori geni lilikuwa limesimama likingoja kupimwa uzito, na dereva wake, mwanamke wa makamo, akasogea na kikombe chake.

— Wazee, nionjesheni kahawa. Mnamjadili nani?

— Mtoto wa huyu hapa, Diseli akasema huku akimmiminia. Mrushaji, yuko ligi kuu. Anateseka.

— Pole, mzee. Mwenyewe anasemaje?

— Sijaongea naye, Glavu akajibu.

— Mmegombana?

— Hapana, dada, Askofu akadakia. Siku ya kurusha, mrushaji hasemeshwi. Ni mkosi! Hata mama yake alikuwa anamsogezea sahani bila neno. Hapa kila mtu anajua.

— Chuoni alirusha Ijumaa, Glavu akaeleza. Basi Ijumaa simsemeshi. Siku nyingine tulikuwa tunapiga soga mpaka simu inapata moto. Huko juu wamemfanya wa akiba. Anakaa pembeni, mwenzake akichoka, anaitwa. Anaweza kuitwa siku yoyote ile.

Dereva akapuliza kahawa.

— Sasa siku ambayo harushi ni ipi?

Glavu alisikia aibu ikimpanda mpaka masikioni. Tangu Mei hajampigia hata mara moja! Mtoto anapigwa mbele ya nchi nzima, naye baba mtu yuko hapa anasikiliza habari za magodoro.

— Mungu wangu, akasema.

Akainuka, akatoa simu mfukoni.

— Glavu, acha! Askofu akaruka. Leo wanacheza!

— Acha wacheze.

Ikaita mara moja tu.

— Baba? Nani kafa?

— Hajafa mtu, mwanangu. Nimepiga tu.

Benchi zima likakaza masikio, hata dereva akaacha kunywa.

— Cody? Upo?

— Nipo, baba. Nilidhani unanionea aibu.