Fundi Picha Aliyeshika Shuka

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha kazi zenu asubuhi hii mkaja kuketi nasi, familia imemtwika binti wa mwisho wa marehemu kazi ya kuisoma historia hii, na mtamwia radhi akienda mbio, kwa kuwa ana mtoto wa miezi minne aliyepakatwa na mama mkwe wake pale mstari wa pili, na kwa kuwa karatasi hii iliandikwa mara tatu, mbili zikachanwa, na iliyobaki ndiyo hii.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Fundi Picha, alizaliwa tarehe 14 Juni 1948, akiwa wa pili kati ya watoto watano wa mshona magunia na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, ambako treni ya saa kumi na moja alfajiri ndiyo iliyokuwa saa yao ya kuamkia. Alianza shule ya msingi Januari 1956, akamaliza Novemba 1963, akaendelea na masomo ya juu kidogo kwa mwaka mmoja na nusu, akayaacha katikati ya mwaka 1965 macho ya baba yake yalipokufa, akaenda kubeba magunia kwenye mashine ya kusaga nafaka, na huko mlango wa chuma ulimbana kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kikapinda kama ndoana, na hakikunyooka tena hadi juzi alipooshwa.

Tarehe 28 Mei 1968 aliingia kazini kwenye studio ya picha iliyokuwa mkabala na posta, kwa mzee mmoja aliyeitwa Mzee Flashi, ambaye pamoja na picha za harusi na za pasipoti alikuwa na mkataba na kituo cha polisi wa kuwapiga picha mahabusu kila Jumatatu, mmoja mmoja, uso na ubavu, kibao cha namba kifuani na shuka jeupe nyuma. Kazi ya kwanza ya marehemu ilikuwa kulishika hilo shuka lisipepee, ya pili kusafisha picha kwenye chumba cha giza, na Mzee Flashi alipostaafu mwaka 1976 studio ikawa yake, akaiendesha hadi tarehe 31 Desemba 2009, macho yalipoanza kumwambia basi.

Alifunga ndoa tarehe 9 Septemba 1978 na mshonaji wa sare za shule, ambaye alikwenda studio kupiga picha ya pasipoti akarudishwa mara tatu kwa madai kwamba amefumba macho, na mara ya tatu akamwambia, "Fundi, mimi sijafumba macho, wewe ndiye hujafumbua mdomo." Walijaliwa watoto wanne, waliozaliwa mwaka 1979, 1983, 1988 na 1997, na ameacha wajukuu saba, wa mwisho akiwa huyo mnayemsikia akilia.

Jambo ambalo marehemu atakumbukwa nalo kuliko yote lilianza tarehe 17 Machi 1981, kituo cha polisi kilipohamia jengo jipya, naye akaitwa kulipiga picha lile jengo la zamani likiwa tupu, akakuta uani karani mmoja anatia majalada kwenye shimo la moto kwa koleo, na juu ya koleo nyuso za watu zinamtazama. Aliomba apewe picha, karani akacheka akamwambia, "Chukua, fundi, ila hawa wezi wako usilale nao chumba kimoja," naye akarudi nyumbani na mkokoteni wenye maboksi tisa, picha elfu moja mia tatu na kumi na mbili, ya zamani kabisa ikiwa ya mwaka 1934. Mkewe alisimama mlangoni akasema wenzake wanaletewa makabati, yeye ameletewa mahabusu, watakula nini, lakini mwisho wa mwezi ni yeye aliyewashonea mifuko ya kitambaa cha sare ili wasiingiwe na unyevu.

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana alikaa na kioo cha kukuzia akawatazama, mmoja baada ya mwingine, wala si kwa kuwahukumu, bali kama mtu anayesoma barua za nduguze, na watoto wake walikua wakiitwa waje waone, hebu angalieni huyu amevaa koti la mwenzake, mikono imemmeza, na huyu mama amepata nafasi ya kuchana upande mmoja tu wa kichwa, na huyu hapa anazuia kicheko, nani alimchekesha mahali kama pale. Alisema kwamba studioni mtu anakuja na uso aliokwisha kuuchagua nyumbani, ila hawa hawakupewa nafasi ya kuchagua, na kwamba wengi wao hawakupigwa picha kabla ya siku ile wala baada yake. Nyuma ya kila picha palikuwa na jina, tarehe na kosa, na kwenye kila kosa alibandika kipande cha karatasi ya kaki kwa gundi ya ngano, akabakiza jina na tarehe.

Mwaka 1984 mwashi mmoja alifiwa na baba yake, hapakuwa na picha hata moja ya kuweka juu ya jeneza, marehemu akauliza jina, akaingia chumbani, akatoka na baba mtu akiwa kijana wa miaka ishirini na tano. Aliuliza swali moja tu, "Kibao tukikate au tukiache?", na mwashi akasema kikatwe, akakikata kwa wembe, akairekebisha picha pembeni, na kile kipande chenye namba akakitia kwenye kopo la biskuti. Tangu hapo watu walikuja, kopo lina vibao themanini na sita, na picha zake ziko kwenye kuta za nyumba nyingi hapa mtaani, nyumba ambazo familia haitazitaja, kwa sababu mwenyewe hakuzitaja hata kwa watoto wake.

Marehemu alianza kusumbuliwa na mapafu mwaka 2021, akatibiwa kama mgonjwa wa nje, hali ikabadilika tarehe 26 Julai mwaka huu wa 2023, akalazwa, na Jumanne tarehe 8 Agosti, saa tisa na dakika ishirini alasiri, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Jumatano binti yake alitumwa vitu viwili, picha ya kuweka juu ya jeneza na tarehe za kuandika hapa, na mtu aliyewapiga wengine picha maisha yake yote hakuwa na picha yake, ile ya kitambulisho imesuguka hadi haina pua. Akaingia kwenye maboksi, mtoto mgongoni, akakutana na picha ya mwanamke mmoja ya Jumatatu tarehe 20 Novemba 1967, na ukingoni mwa picha, penye shuka, kidole kidogo kilichopinda kama ndoana. Akajua ni cha nani, akajua pia kwamba mwaka 1967 baba yake alikuwa hajaanza kazi studioni, kwani watoto wote waliambiwa kwamba miezi ile alikuwa kwa mjomba akilima, na mjomba mwenyewe alikuwa fundi viatu asiye na shamba hata la kutupia jembe. Akatoa picha zote za siku ile, zilikuwa kumi na moja, kumi zina kidole, na ya kumi na moja ina baba yake, miaka kumi na tisa, kidevu juu, kibao kifuani, na nyuma yake maneno haya, wizi wa baiskeli ya mwenye mashine, amekiri. Karatasi ya kaki haikuwepo.

Alimpelekea mama yake, na mama alikuwa anajua tangu kabla ya ndoa. Marehemu alipigwa picha wa kwanza siku ile, Mzee Flashi hakuwa na msaidizi, akamwambia, "Wewe wa baiskeli, hebu shika shuka," akalishika kwa wenzake kumi bila mkono kutikisika, na mzee akamwambia ukitoka uje. Alifungwa miezi sita, akatoka tarehe 27 Mei 1968, kesho yake akaenda.

Baba mdogo wa familia, ambaye amekubali hili lisomwe, alikuwa amesema, "Soma kazi, ndoa, watoto, ukae chini, usituanike," na kwa kweli binti naye alitaka hivyo hivyo, aliwaogopa ninyi, akaogopa zaidi mstari wa pili, wasije wakasema mjukuu wao amechota damu ya mfungwa, akachukua wembe wa baba yake akauweka juu ya kibao. Mama akamwambia tu, "Makosa ya watu aliyabandikia karatasi. Lake aliliacha wazi. Gundi ilikuwepo." Wembe ukarudishwa mahali pake, na picha mnayoiona mbele yenu iko nzima, namba 0417, na mtoto atakapouliza babu yake alikuwa nani ataonyeshwa hiyo hiyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, dereva aliyempeleka kliniki kila Alhamisi, mafundi picha wenzake waliokuja na kamera zao na kuziacha kwenye mikoba kwa heshima yake, majirani mliopika na kutandika, na mama mkwe, ambaye tangu alfajiri hajakubali mtu mwingine ampakate mtoto, na ambaye karatasi hii anaisikia sasa hivi pamoja nanyi. Maboksi tisa yapo, mlango haujafungwa, na mwenye kumtafuta mtu wake aje, ataulizwa jina tu.

Baba, inua kidevu, tulia, shuka tumelishika sisi. Pumzika kwa amani.