Scolastika Maduhu na Mlenda wa Magadi

Ndugu waombolezaji, wazee wetu shikamooni, anayesimama mbele yenu ni Herman Maduhu, mdogo wake marehemu, na mengi atakayoyasoma hapa yanamwinamisha kichwa yeye mwenyewe.

Scolastika binti Maduhu alizaliwa tarehe 14 Machi 1936 hapa Mhunze, Kishapu, akamaliza darasa la nane mwaka 1953, akafuzu uuguzi Novemba 1957 akaajiriwa hospitali ya misheni, na tarehe 8 Agosti 1960 akafunga ndoa na marehemu Valerian Makoye, karani wa kinu cha pamba Shinyanga, wakajaliwa watoto wawili, Esta na Stanslaus.

Mwaka 1971 alichoka kuona wagonjwa wa figo wakitoka wodini leo na kurudi mwezi ujao wamevimba miguu, akaanza kuwafuata majumbani kwa baiskeli, kwanza vijiji vya Kishapu, kisha hadi kwa wachimbaji wa Mwakitolyo, akifundisha kila nyumba kupima mkojo kwa chupa yenye alama, kupima maji ya kunywa, na kuacha chumvi pamoja na magadi, maana magadi, alisema, ni chumvi iliyobadili jina. Herman alimwita Bibi Mikojo mbele za watu, na hakutaka kabisa mafunzo hayo yaingie nyumbani kwake.

Mei 1982 figo zake mwenyewe zilianza kushindwa, na Januari 1983, akiwa mjane, alihamia kwa Herman. Daktari alikataza chumvi, Herman akaiondoa jikoni, lakini kwa kumwonea huruma dada aliyepoteza hamu ya kula, akaagiza mboga yake ya mlenda itiwe magadi, kama tupikavyo Wasukuma wote, asijue kwamba ni chumvi ile ile. Siku moja marehemu aliuliza umetiwa nini, akajibiwa hauna chumvi, akaamini, akala.

Tarehe 2 Juni alikuja Melania wa Mwakitolyo, aliyemuuguza mumewe miaka sita kwa mafunzo ya marehemu, akamkuta amevimba hadi kope, akachovya kidole katika mlenda, akaonja magadi, akautema, akaketi chini akalia. Wasemao mganga hajigangi wanyamaze, huyu alijiganga, sisi ndio tuliomharibia. Alifariki tarehe 9 Juni 1983.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa misheni, wafanyakazi wenzake, majirani mliokesha nasi, na Melania, ambaye atawatembelea wagonjwa kumi na mmoja aliowaacha marehemu. Herman ameomba kumsindikiza, na hadi asubuhi hii hajajibiwa.

Dada, pumzika kwa amani tuliyoshindwa kukupa.